Hamoni ya Hispania: namna ya kuitambua, kuinunua na kuila kwa kiasi

Mtu aingiaye kwa mara ya kwanza katika duka la vyakula au nyumba ya divai ya Hispania hushangaa kuona miguu ya nguruwe imetundikwa darini, safu kwa safu, kwato zikielekea juu. Chini ya kila mguu huchomekwa kikombe kidogo, umbo lake kama mwavuli uliopinduliwa, ili mafuta yanayotona yasiwaangukie wanunuzi. Nyama hiyo haikupikwa motoni, wala haikupitishwa katika moshi. Imetiwa chumvi, ikakaushwa kwa upepo, kisha ikaachwa miezi mingi, pengine miaka mitatu au minne. Wahispania huiita jamón. Nasi katika makala hii tutaiandika hamoni, kama inavyotamkwa kwao.

Labda msomaji atauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi siku hizi wamo Ulaya kwa ajili ya masomo na kazi, na katika Hispania mabwana wa kazi wengi wana desturi ya kuwapa wafanyakazi wao zawadi wakati wa Noeli; mara nyingi katika zawadi hiyo mna hamoni nzima au kipande chake. Pili, hamoni ni chakula cha bei kubwa, na penye bei kubwa ndipo udanganyifu huzaliwa. Asiyejua kusoma kibandiko aweza kulipa fedha ya nyama bora akapewa nyama ya kawaida. Na asikilizaye maneno ya muuzaji peke yake aweza kuamini kwamba nyama hiyo ni dawa ya moyo. Basi yafaa tujue hamoni ni nini, aina zake ni zipi, mwili hupata faida na hasara gani, na fedha yatolewa kwa ajili ya nini hasa.

DESTURI YA KALE

Kazi ya kuhifadhi mapaja ya nguruwe kwa chumvi ni ya zamani sana katika nchi hiyo. Strabo, Mgiriki aliyeandika juu ya nchi za dunia wakati wa Kaisari Augusto, alitaja kabila la Cerretani waliokaa katika milima ya Pyrenees, akasema kwamba hamoni zao ni bora na kwamba huwaletea mapato makubwa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Milimani mna baridi kali wakati wa majira ya kipupwe, na upepo ni mkavu. Mtu akichinja nguruwe wakati huo, chumvi hupata nafasi ya kuingia polepole mpaka mfupani kabla nyama haijaoza. Nyama hiyo ilikuwa akiba ya jamaa nzima kwa mwaka mzima.

Hata leo vijijini kuna jamaa zinazochinja nguruwe wao kuanzia siku za Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hewa inapoanza kuwa baridi. Hapo majirani hukusanyika kusaidiana, wanaume wakikata, wanawake wakitia soseji. Toka desturi hiyo ilizaliwa methali ya Kihispania isemayo kwamba kila nguruwe hufikiwa na Mtakatifu Martino wake; maana yake, kila mtu ana siku yake ya kulipa.

Historia ya nyama hiyo ina upande wa huzuni pia. Waislamu walitawala sehemu kubwa ya Hispania kuanzia mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Baada ya hapo Wayahudi na Waislamu wengi walilazimishwa kubatizwa au kuondoka. Ndipo kula nguruwe mbele ya watu kulipogeuka kipimo cha imani, na aliyeikataa nyama hiyo alishukiwa na mahakama ya Inkwisisyo. Haifai kuusahau wakati huo wa mateso tunapoisifu meza ya Hispania.

NGURUWE WA AINA MBILI

Yafaa msomaji ashike jambo hili kwanza, kwa maana ndilo ufunguo wa mambo mengine yote: hamoni za Hispania hutoka katika nguruwe wa namna mbili.

Wa kwanza ni nguruwe mweupe, yule afugwaye katika nchi nyingi za Ulaya. Hukua upesi, huzaa sana, na nyama yake ina mafuta machache. Hamoni yake ndiyo iitwayo serrano, neno litokalo katika sierra, yaani safu ya milima. Hamoni nyingi zinazoliwa Hispania ni za nguruwe huyu.

Wa pili ni nguruwe wa Iberia, mzaliwa wa kusini-magharibi ya Hispania na wa Ureno. Ngozi yake ni nyeusi au ya kijivu, manyoya yake ni machache, miguu yake ni myembamba. Hukua polepole na huzaa watoto wachache. Lakini ana tabia moja isiyo ya kawaida: mafuta yake hayakai chini ya ngozi tu, bali hupenya hata ndani ya nyama yenyewe, kama mishipa midogo meupe. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya nyama ibaki laini ingawa imekauka miaka kadhaa. Hamoni yake huitwa ibérico.

Nguruwe huyu ana pori lake, liitwalo dehesa. Si msitu mnene, bali ni uwanja mpana wa majani wenye miti ya mialoni iliyoachana, hasa katika majimbo ya Extremadura, Andalusia na Salamanca. Mmoja wa miti hiyo ni ule ambao gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Tangu mwezi wa Oktoba matunda ya mialoni huanza kuanguka, nayo kwa Kihispania huitwa bellota. Basi wachungaji huwafungulia nguruwe waliochaguliwa, nao hutembea mchana kutwa wakiokota matunda na kula majani, mpaka mwezi wa Februari au Machi.

Serikali ya Hispania iliweka sheria juu ya kazi hiyo mwezi wa Januari 2014. Nguruwe aingiapo mialoni awe na uzito wa kilo 92 hadi 115. Akae huko zaidi ya siku 60. Aongeze kilo 46 au zaidi kwa chakula cha pori tu. Tena asichinjwe kabla ya kutimiza miezi 14. Idadi nayo ina mpaka: hata pale penye miti mingi, hairuhusiwi kupita nguruwe 5 katika hektari 4. Fikirini basi: kila nguruwe ahitaji karibu hektari nzima ya miti mikubwa. Hapo mwaona kwa nini nyama yake ni ghali. Anunuaye hamoni ya namna hiyo hununua pia ardhi, mialoni na wakati.

CHUMVI, UPEPO NA WAKATI

Baada ya kuchinjwa, mapaja hufunikwa kwa chumvi ya bahari katika chumba cha baridi. Kwa desturi huachwa humo siku moja kwa kila kilo ya uzito, kiasi cha siku saba hadi kumi. Kisha huoshwa na kutundikwa mahali pa baridi kwa majuma kadhaa, ili chumvi iliyo nje isafiri ndani na kuenea sawasawa. Kazi ya chumvi ni kuyafukuza na kuyafunga maji yaliyomo, kwa maana pasipo maji vijidudu viozeshavyo haviwezi kustawi.

Baadaye huja chumba cha kukaushia, chenye madirisha yanayofunguliwa na kufungwa kwa kufuata upepo. Majira ya joto yanapofika, nyama hutoa jasho: mafuta huyeyuka kidogo na kupenya katika nyuzi za nyama. Mwisho huteremshwa katika ghala la chini, lenye giza na utulivu, ambamo harufu na ladha hukomaa. Toka mwanzo hata mwisho, paja hupoteza karibu theluthi ya uzito wake.

Fundi ataijuaje iliyokomaa? Huchukua sindano ya mfupa, mara nyingi ya mfupa wa ng'ombe au wa farasi, akaichoma katika sehemu maalumu karibu na mifupa, akaichomoa na kuinusa upesi. Pua yake humwambia kama ndani mna uozo au la. Kisha huziba tundu kwa mafuta ya hamoni yenyewe. Wahispania wana mashine za kila namna, lakini pua ya fundi haijapata wa kuiondoa kazini.

Hapa yatupasa kutoa onyo. Wanafunzi wetu wenye bidii wasije wakajaribu kazi hii nyumbani katika nchi ya joto, bila chumba cha baridi. Nyama itaoza karibu na mfupa kabla chumvi haijafika, na aliyeila ataugua. Kuna na jambo lililo zito zaidi. Hamoni ni nyama isiyopikwa, lakini imetoka kwa nguruwe waliokaguliwa na waganga wa wanyama, tena imekaa katika chumvi na ukavu miezi mingi. Mtu asijidanganye akasema: "Wazungu hula nguruwe asiyepikwa, basi na sisi tule." Nguruwe wazururao vijijini mara nyingi huwa na malengelenge ya tegu katika nyama yao. Nyama hiyo isipoiva vizuri humpa mtu tegu tumboni. Na mayai ya tegu, yakimezwa kwa njia ya mikono michafu au maji machafu, yaweza kwenda hata katika ubongo na kuleta kifafa. Nyama ya nguruwe wa kijijini ipikwe mpaka iive kabisa, na kunyunyiza chumvi juu yake si kinga.

RANGI NNE ZA KUKUMBUKA

Sasa tuzitazame aina zake. Kwa hamoni ya ibérico, sheria ile ya 2014 iliamuru kila mguu ufungwe ukanda wa plastiki wenye rangi, nao ufungwe palepale machinjioni, kabla nyama haijaenda mahali pengine. Rangi ni nne.

Nyeusi: nguruwe ni wa Iberia kamili, baba na mama, naye alinenepeshwa kwa matunda ya mialoni. Hii ndiyo ya juu kabisa.

Nyekundu: nguruwe alikula matunda ya mialoni vilevile, lakini si wa damu kamili. Mama ni wa Iberia. Baba ni wa kabila jingine liitwalo Duroc, au damu yake imechanganyika na ya kabila hilo. Kibandiko lazima kiseme kama ni asilimia 75 au 50.

Kijani: kibandiko chasema cebo de campo. Nguruwe alilishwa nafaka na kunde, lakini alikaa nje na kula majani pia.

Nyeupe: kibandiko chasema cebo. Nguruwe alilishwa nafaka zizini. Ni hamoni ya Iberia kweli, na yaweza kuwa tamu, lakini haikuona mialoni.

Tena kuna maneno pata negra, yaani mguu mweusi. Zamani wauzaji waliyatumia ovyo ovyo. Tangu sheria hiyo, yaruhusiwa kwa ukanda mweusi tu. Wala kwato nyeusi peke yake si ushahidi, kwa maana kuna nguruwe wa makabila mengine wenye kwato nyeusi, na wa Iberia wengine kwato zao si nyeusi sana. Usitazame kwato, tazama ukanda.

Muda wa kukomaa nao umeandikwa katika sheria: hamoni ya ibérico yenye kilo 7 au zaidi isipungue siku 730, yaani miaka miwili, iliyo chini ya kilo 7, siku 600, na mguu wa mbele, uitwao paleta, siku 365.

Kwa hamoni ya nguruwe mweupe hakuna rangi hizo. Jina serrano lililindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 1999, na muda wake usipungue miezi 7. Zaidi ya hapo, maneno ya kibandiko huonyesha umri: bodega, miezi 9 au zaidi, reserva, miezi 12, gran reserva, miezi 15.

Mwisho kuna majina ya mahali yanayolindwa na sheria. Kwa nguruwe mweupe, Teruel ilikuwa ya kwanza katika Hispania yote kupata ulinzi huo kwa hamoni, mwaka 1984; hukaushwa mahali pasipopungua mita 800 juu ya usawa wa bahari, nayo huchomwa alama ya nyota yenye ncha nane. Trevélez, katika milima ya Sierra Nevada, hukausha zake juu ya mita 1200. Kwa nguruwe wa Iberia majina ni manne: Guijuelo, Dehesa de Extremadura, Los Pedroches na Jabugo. Jabugo ni kijiji cha jimbo la Huelva, na kwa miaka mingi wauzaji waliliita kwa jina lake kila paja lililowapendeza.

JE, INA FAIDA KWA MWILI?

Tuseme kwanza mema yake. Katika gramu 100 za hamoni mna karibu gramu 30 za protini, ndiyo chakula kijengacho mwili. Mna vitamini B1 na B12, mna chuma na zinki. Nyama imekaushwa, basi chakula hicho kimekusanyika mahali padogo.

Na mafuta je? Wahispania husema kwa mzaha kwamba nguruwe wa bellota ni mzeituni wenye miguu. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Matunda ya mialoni yana asidi ya oleiki kwa wingi, ile ile iliyomo katika mafuta ya zeituni, na nguruwe alaye matunda hayo huiweka katika mafuta yake. Zaidi ya nusu ya mafuta ya hamoni ya bellota huwa ya namna hiyo. Ndiyo maana huyeyuka hata kwa joto la kidole. Waganga huona mafuta ya namna hii ni afadhali kwa moyo kuliko mafuta magumu ya wanyama wengine. Lakini "afadhali" si "dawa". Katika hamoni ile ile mafuta magumu yamo pia, na katika ile ya nguruwe wa zizini oleiki hupungua.

Tena kuna chumvi, na hapa mzeituni wenye miguu hauna la kujibu. Gramu 100 za hamoni huwa na gramu 4 au 5 za chumvi hivi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, zikihesabiwa na zile za mchuzi, mkate na samaki. Basi mtu alaye peke yake pakiti moja ya gramu 100 amekwisha kumaliza chumvi yake ya siku kabla hajagusa ugali. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo hilo huua bila kupiga hodi: mtu haumwi, kumbe mishipa ya ubongo, moyo na figo inaharibika.

Jambo la tatu ni saratani. Mwezi wa Oktoba 2015 taasisi ya Shirika la Afya Duniani ichunguzayo saratani ilitangaza kwamba nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi, kwa moshi au kwa dawa ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya utumbo mpana kwa binadamu. Hamoni imo. Watu wengi waliposikia kwamba imewekwa katika kundi moja na tumbaku walishtuka, wakadhani kipande cha nyama ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi hilo laonyesha jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halionyeshi ukubwa wa hatari. Hesabu yao ilikuwa hii: alaye gramu 50 kila siku, hatari yake huzidi kwa asilimia 18 hivi. Tuieleze kwa mfano. Kama katika watu 100 wangeugua 5, basi kati ya watu 100 walao gramu 50 kila siku wangeugua karibu 6. Hatari hiyo si kubwa kwa mtu mmoja aonjaye siku ya sikukuu. Lakini kwa aifanyaye kuwa chakula cha kila siku, ipo.

Yafaa pia kusoma maandishi madogo ya pakiti. Mafundi wengi hutia nitrati au nitriti, zinazoandikwa E 252 na E 250, ili kuzuia vijidudu na kuipa nyama rangi nyekundu. Wengine hutumia chumvi ya bahari tu, nao huiandika kwa kujisifu. Hata hivyo kukosekana kwa dawa hizo hakuiondoi chumvi yenyewe.

Basi nani ajihadhari? Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, asile kabla ya kuongea na mganga wake. Mama mjamzito naye aulize kwanza, kwa sababu ya kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho huweza kuishi katika nyama isiyopikwa na kumdhuru mtoto tumboni. Kukomaa kwa muda mrefu hupunguza hatari hiyo, lakini waganga wengi hushauri aizuie mpaka ajifungue, au aile ikiwa imepikwa. Watoto wadogo hawaihitaji kabisa. Na mtu mzima mwenye afya ataona kwamba gramu 30, yaani vipande vichache vyembamba, zatosha kuifurahisha meza.

NAMNA YA KUNUNUA

Sasa tumfikirie baba au mama aliye katika duka, fedha mkononi. Afanyeje?

Kwanza, asome jina kamili, si neno lililo kubwa. Kibandiko chenye neno ibérico kwa herufi za dhahabu chaweza kuwa na neno cebo kwa herufi ndogo pembeni. Maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini alipaye bei ya bellota kwa nguruwe wa zizini amejidanganya mwenyewe. Picha ya mialoni juu ya karatasi haimaanishi kwamba nguruwe aliila. Ukanda na jina la chakula ndivyo vinavyosema kweli.

Pili, ajue anapima nini. Mguu mzima una mfupa, ngozi na mafuta ya nje. Mguu wa kilo 8 hutoa karibu kilo 4 tu za nyama ya kuliwa. Kwa hiyo bei ya kilo iliyoandikwa dukani ni nusu tu ya bei ya kweli. Paleta ni nafuu zaidi kwa mguu, lakini mfupa wake ni mwingi na nyama ni kidogo kuliko nusu. Rahisi ghali, walisema wazee. Kwa jamaa ndogo, pakiti iliyokwisha kukatwa yafaa kuliko mguu mzima: haina mfupa, haiharibiki upesi, na mnunuzi hulipa kile anachokula.

Tatu, aitazame na kuigusa. Mafuta ya hamoni ya bellota hulegea chini ya kidole na kung'aa. Ya nguruwe wa zizini huwa magumu zaidi. Nyama iwe nyekundu yenye kukolea. Vitone vyeupe vidogo ndani yake si ugonjwa wala si chumvi iliyoganda. Huzaliwa na protini wakati wa kukomaa, na havina madhara. Ukungu mwembamba juu ya ngozi ya mguu mzima hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Lakini harufu ya kuoza karibu na mfupa, au mafuta yenye uchungu mkali, ni dalili za kuirudisha kwa muuzaji.

Nne, asione haya kuchagua serrano. Hamoni ya gran reserva iliyokaushwa vizuri, au ya Teruel, ni chakula cha heshima, na bei yake huwa ndogo mara kadhaa kuliko ile ya ukanda mweusi. Afadhali serrano njema kuliko ibérico ya mashaka.

Nyumbani, mguu hutundikwa mahali pa baridi na pakavu. Palipokatwa hufunikwa kwa mafuta yake na kitambaa safi. Katika miji yetu yenye joto jambo hilo ni gumu, basi pakiti ikae katika friji, itolewe kitambo kidogo kabla ya kula ili mafuta yalegee. Ikatwe nyembamba mno, hata mwanga upenye. Mkate usio na chumvi nyingi, nyanya au matunda huiandama vizuri. Kuikaanga ni kuzidisha chumvi na kupoteza ladha uliyoilipia.

JAMBO LA MIPAKA

Limebaki jambo moja, nalo latugusa sisi Waafrika kwa karibu. Kuna ugonjwa uitwao homa ya nguruwe ya Afrika. Hauwapati watu, lakini huwaua nguruwe karibu wote uwapatao, na hauna dawa ya kuuponya. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1921, na R. Eustace Montgomery, kutoka Kenya. Ngiri wetu huubeba bila kuugua. Mwaka 1957 ulivuka bahari ukaingia Ureno, mwaka 1960 ukafika Hispania, na kwa miaka 35 ukawafilisi wafugaji wa nguruwe wa Iberia. Nchi nyingi zilikataa hamoni yao. Ni mwaka 1995 tu Hispania ilipohesabiwa kuwa imeushinda. Tena Novemba 2025 ulionekana upya, katika nguruwe-mwitu karibu na mji wa Barcelona.

Virusi vyake huweza kuishi muda mrefu katika nyama, hata iliyotiwa chumvi. Ndiyo sababu nchi nyingi hukataza msafiri kubeba nyama katika mizigo yake bila kibali. Huku kwetu Kongo, jamaa nyingi zimekwisha kupoteza mazizi mazima kwa homa hiyo, na pamoja nayo karo ya shule ya watoto. Basi ndugu arudiye kutoka Ulaya aulize sheria kabla hajafunga hamoni ndani ya sanduku, naye afugaye nguruwe asiwalishe kamwe mabaki ya nyama ya nguruwe. Zawadi ya mtu mmoja isije ikawa msiba wa kijiji.

Tukusanye maneno yetu. Hamoni ya Hispania ni kazi ya subira: mialoni iliyopandwa na mababu, nguruwe aliyetembea miezi, fundi aliyengoja miaka. Kitu kilichongojwa hivyo hakistahili kuliwa kwa pupa, na mwili wenyewe haukikubali kwa wingi. Asomaye ukanda na kibandiko hataibiwa. Apimaye vipande vyake hataumia. Anayeweza na ainunue kidogo, iliyo ya kweli, kwa siku ya furaha, akaigawe na wageni wake. Asiyeweza asihuzunike: maharagwe, dagaa na mayai ya hapa kwetu hujenga mwili vizuri, tena kwa fedha kidogo.